Kununua Nyumba Kitui au Makueni Bila Broka Wako: Linda Pesa Zako Hatua kwa Hatua

Umeweka akiba kwa miaka kadhaa. Sacco imekuongezea mkopo, zamu yako ya chama imefika, na sasa unataka nyumba yako mwenyewe pale Wote, Kitui mjini, Mwingi, Emali ama Kwa Vonza karibu na Chuo Kikuu cha SEKU. Mtu amekutumia picha kwa WhatsApp: vyumba vitatu, mabati mapya, tangi la maji, ploti ya hamsini kwa mia. Chini ya picha kuna ujumbe: "Bei inaongeleka. Tuma elfu mbili ya kuonyeshwa."

Kabla hujatuma hiyo elfu mbili, tusikilize kidogo.

Sisi ni watu wa malipo, si mawakili wala wauzaji wa mashamba. Lakini pesa za nyumba hupita kwa simu, na mteja akishaumia, sisi ndio anaotupigia kwanza akiomba tumrudishie. Mara nyingi inakuwa tumechelewa. Ndiyo maana tumeandika makala haya: ujue unavyoweza kununua nyumba bila kuwa na broka wako, nani unayemhitaji badala yake, na pesa zitoke lini na ziende wapi.

Huyo broka ni wa nani?

Hapa kwetu mnunuzi wa kawaida hana ajenti wake. Yule anayekutembeza kwa bodaboda kutoka ploti moja hadi nyingine ametumwa na muuzaji, ama amejituma mwenyewe. Analipwa nyumba ikiuzwa, na mara nyingi anaongeza chake juu. Mzee ameitisha milioni mbili na nusu, wewe unaambiwa milioni tatu. Si lazima awe mwizi, hiyo ni biashara yake. Lakini haja yake ni nyumba iuzwe, na haja yako ni nyumba iwe salama. Hizo ni haja mbili tofauti.

Sheria ya maajenti wa nyumba na ardhi, Sura 533 ya Sheria za Kenya, inamtaka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa na Estate Agents Registration Board. Muulize anayekutembeza nambari yake ya usajili. Akianza kukuzungusha, jua unaongea na mtu ambaye kesho akizima simu huna pa kumshtaki kirahisi.

Hata Marekani, ambako mnunuzi kuwa na ajenti wake ni jambo la kawaida, suala la nani anamfanyia nani kazi lilifika kortini. Chama cha maajenti, National Association of Realtors, kilikubali kulipa dola milioni 418, na tangu tarehe 17 Agosti 2024 ajenti wa mnunuzi anatakiwa kuwa na mkataba wa maandishi unaosema atalipwa vipi kabla ya kumtembeza mteja kwenye nyumba. Somo ni lilelile la huku nyumbani: ujue mapema nani anamlipa nani, na kwa kazi gani.

Kwa hivyo kukosa broka si hatari. Hatari ni kudhani kwamba broka wa muuzaji ni wako. Watu unaowahitaji kweli ni watatu: wakili wako, mpimaji wa ardhi mwenye leseni, na fundi au injinia wa kukagua nyumba. Hawa unawalipa wewe, na wewe ndiye wanayekufanyia kazi.

Hatua ya 1: Mtafute mwenye nyumba, si picha

Nyumba nyingi Kitui na Makueni huuzwa kwa mdomo kabla hazijafika mtandaoni. Pita siku ya soko. Ongea na wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, mafundi, walimu, watu wa kanisa lako. Mwambie chifu au naibu wake kwamba unatafuta nyumba eneo lake. Angalia pia matangazo ya minada ya benki kwenye magazeti, ingawa nyumba ya mnada nayo inahitaji uchunguzi uleule.

Ukipata nyumba, sisitiza kuongea na mwenyewe ana kwa ana. Si "mwenyewe yuko Nairobi", si "mwenyewe ni mgonjwa, ongea na mimi." Umeona kuta na mageti yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu "ARDHI HII HAIUZWI"? Wenye mali hawaandiki hivyo kwa kujifurahisha. Wanaandika kwa sababu kuna watu huuza ardhi isiyo yao, na huuza vizuri sana, kwa tabasamu na mafotokopi.

Kuhusu pesa ya kuonyeshwa: kama ni nauli ya bodaboda, lipa bodaboda mwenyewe mkifika. Usitume pesa kwa nambari ya mtu ambaye hujawahi kumwona, kwa nyumba ambayo hujawahi kuiona.

Hatua ya 2: Itembelee nyumba mara tatu

Nenda mara ya kwanza wakati wa kiangazi, tuseme Agosti au Septemba. Hapo ndipo utajua ukweli wa maji. Fungua mfereji. Uliza majirani maji huja siku ngapi kwa wiki na jerikeni ni pesa ngapi. Kama kuna kisima cha kuchimbwa, onja maji, kwa sababu sehemu nyingi za Ukambani maji ya chini yana chumvi. Uliza kama nyumba ina akaunti ya kampuni ya maji, KITWASCO kwa Kitui au WOWASCO kwa Wote, na kama ina deni. Angalia pia mita ya stima ni ya nani.

Nenda mara ya pili mvua ikinyesha, hasa mvua za Oktoba hadi Desemba ambazo ndizo tunazozitegemea zaidi huku kwetu. Utaona kama barabara inapitika, kama mto wa mchanga unafurika hadi kwenye ua, na kama kuta zinapasuka kwa sababu ya udongo mweusi.

Mara ya tatu nenda jioni, bila kumwambia muuzaji. Salimia majirani. Waulize nani anaishi pale, tangu lini, na kama kumewahi kuwa na kelele kuhusu mpaka. Jirani hana kamisheni ya kupoteza.

Kuna mambo mengine yanayotegemea mahali. Kama ni kando ya barabara ya Mombasa, kuanzia Sultan Hamud hadi Mtito Andei, hakikisha nyumba haijaingia kwenye hifadhi ya barabara. Alama ya X inayopakwa na KeNHA haijali ulilipa pesa ngapi. Kama ni karibu na reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ama karibu na nyaya kubwa za stima au bwawa la Thwake, uliza kama sehemu ya ardhi ilishachukuliwa na serikali na fidia kulipwa. Na upande wa Kibwezi, Mtito Andei na kusini mwa Kitui kuelekea Tsavo, uliza pia kuhusu ndovu.

Hatua ya 3: Fanya sachi mwenyewe

Sachi ni upekuzi rasmi wa rekodi za ardhi katika masjala. Kwa Makueni masjala iko Wote, na kwa Kitui iko Kitui mjini. Unahitaji nakala ya hati miliki, kitambulisho chako na PIN ya KRA. Ada hulipwa kwa serikali kupitia eCitizen, si kwa kijana anayesimama nje ya ofisi na faili kwapani.

Matokeo ya sachi yanakuambia mambo manne: jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, kama ni ya kudumu ama ya kukodi kwa miaka fulani, na kama kuna mzigo juu yake. Mzigo unaweza kuwa rehani ya benki, amri ya korti, au kizuizi kilichowekwa na mtu anayedai haki. Kama kuna mzigo, simama hapo. Usikubali kuambiwa "hiyo ni kitu kidogo, itatolewa."

Baada ya sachi, chukua ramani ya eneo na umpeleke mpimaji kwenye ploti. Kazi yake ni kuhakikisha vigingi viko mahali pake na kwamba nyumba uliyoonyeshwa imejengwa juu ya nambari iliyo kwenye hati. Hili linasikika kama mchezo, lakini mtu anaweza kukuonyesha nyumba nzuri ya jirani na kukuuzia hati halali ya kichaka kilicho nyuma yake. Mkonge na mnyaa huonyesha mpaka vile wazee walivyoelewana. Ramani huonyesha vile serikali inavyoujua. Unataka yote mawili yakubaliane.

Je, hati safi na sachi safi zinatosha? Siku hizi, hapana. Tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa kuhusu kiwanja cha kando ya bahari. Mnunuzi alikuwa na hati. Mahakama ikasema hati peke yake haimlindi mtu kama ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo, na kwamba mnunuzi alipaswa kuchunguza asili yake. Kwa hivyo mwambie wakili wako afuatilie historia: ardhi ilitoka kwa nani, ikaenda kwa nani, na ilikuwa nini hapo awali.

Hatua ya 4: Hakikisha anayeuza ana haki ya kuuza

Huku kwetu shida nyingi huanzia hapa. Shamba bado liko kwa jina la babu aliyefariki miaka mingi iliyopita, na mjukuu anakata kipande na kuuza. Sheria ya Urithi, Sura 160, iko wazi: hakuna mtu anayeruhusiwa kugusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria, na hata msimamizi wa mirathi hawezi kuuza ardhi kabla korti haijathibitisha usimamizi wake. Kwa hivyo usikubali barua ya chifu peke yake, wala kikao cha familia peke yake. Itisha hati ya mirathi iliyothibitishwa, na uangalie kama jina la muuzaji limo na kipande kinachouzwa ni chake.

Pili, mke au mume. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa bila idhini ya wote wawili. Mwambie muuzaji aje na mwenzake, na idhini iandikwe na kutiwa saini. Kama kuna wake wawili, jambo hilo liongelewe mapema mbele ya wakili.

Tatu, familia na ukoo. Kwa Mkamba, shamba la kurithi si karatasi tu. Wazee wa mbai wanajua nani alipewa wapi. Angalia kama kuna makaburi ndani ya ua, kwa sababu familia itarudi pale. Kuongea na kaka za muuzaji hakuchukui nafasi ya sheria, lakini kutakuambia kama unanunua nyumba ama unanunua kesi.

Hatua ya 5: Jua ni karatasi ya aina gani unayouziwa

Si kila nyumba Kitui na Makueni ina hati miliki. Utakutana na aina hizi:

*Hati miliki kamili.* Ardhi imepimwa na kusajiliwa. Hii ndiyo rahisi kuchunguza.

*Ardhi ambayo bado inapimwa na kugawanywa rasmi.* Ina nambari ya ploti lakini bado haina hati. Chini ya Sheria ya Ugawaji wa Ardhi, Sura 284, rejista ikikamilika watu hupewa siku 60 kuleta pingamizi, na baada ya hapo kuna rufaa kwa Waziri. Ukinunua kabla ya hapo, unanunua pamoja na pingamizi ambazo hazijasikizwa. Tunakushauri usubiri.

*Ploti ya skimu ya makazi,* kama zile za Kiboko au Ngai Ndethya. Uliza kama mwenyewe alimaliza kulipa deni la mfuko wa serikali wa makazi na kama ana stakabadhi.

*Ploti ya soko yenye barua ya mgao.* Hizi ziko nyingi kwenye vituo vya biashara, nyingine tangu enzi za mabaraza ya kaunti ya zamani. Mwezi Septemba 2023, katika kesi ya Torino Enterprises dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama ya Juu ilisema barua ya mgao peke yake haimpi mtu umiliki ambao anaweza kumuuzia mwingine. Masharti yake yatimizwe kwanza, na usajili ufanyike. Kama nyumba iko kwenye ploti ya aina hii, nenda ofisi ya ardhi ya kaunti uone faili lenyewe, na uamue pamoja na wakili kama inafaa kuendelea.

*Ardhi ya jamii.* Chini ya sheria ya 2016, mtu mmoja hawezi kuiuza kana kwamba ni yake.

Hatua ya 6: Bei, kisha mkataba

Bila broka, wewe ndiye utakayepatana bei. Usiogope. Uliza nyumba tatu au nne za karibu ziliuzwa ngapi. Kama bei ni kubwa, lipa mthamini aliyesajiliwa akupe thamani kwa maandishi. Mlete fundi akague paa, choo, msingi na nyaya za stima, kisha uandike gharama za marekebisho. Orodha hiyo ndiyo silaha yako ya kuongea. Uliza pia kama ramani ya nyumba iliidhinishwa na kaunti.

Mkiafikiana, usiandike mkataba kwenye duka la fotokopi. Sheria ya Mikataba, Sura 23, inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote, na kila saini ishuhudiwe. Sheria ya Mawakili nayo inamkataza asiye wakili kutayarisha hati za kuhamisha ardhi kwa malipo. Hakikisha wakili wako ana cheti cha kufanya kazi mwaka huu. Unaweza kutafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya.

Wakili mmoja kuwakilisha mnunuzi na muuzaji kunaonekana rahisi kwa mfuko, lakini mkikosana, atasimama na nani? Kuwa na wako.

Hatua ya 7: Pesa ziende wapi, na lini

Hapa sasa ni nyumbani kwetu. Tuchukue mfano wa nyumba ya KSh 2,800,000 iliyo ndani ya Manispaa ya Wote:

- Malipo ya kwanza, kwa kawaida asilimia 10: KSh 280,000.
- Salio, kwa kawaida ndani ya siku 90: KSh 2,520,000.
- Ushuru wa stempu, asilimia 4 ndani ya manispaa: KSh 112,000. Kama nyumba ingekuwa mashambani, ni asilimia 2, yaani KSh 56,000.
- Juu ya hapo: wakili, mpimaji, sachi na ada za usajili.

Ushuru wa stempu unalipwa na mnunuzi, na mthamini wa serikali hukadiria thamani ya nyumba. Kuandika bei ya uongo kwenye mkataba hakukuokoi. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, ni ya muuzaji, ingawa kuna misamaha. Mkataba useme wazi nani analipa nini, usije ukaletewa bili ya mwenzako.

Sasa, kuhusu simu. Kikomo cha kawaida cha pesa kwa simu Kenya ni KSh 250,000 kwa muamala mmoja na KSh 500,000 kwa siku. Kwa hivyo hata malipo ya kwanza ya mfano wetu yanahitaji miamala miwili, na salio lingekuchukua siku sita. Pesa kubwa ya nyumba ipitie benki, na simu itumike kwa zile ndogo. Kanuni zetu ni hizi:

1. Lipa kwenye akaunti ya wateja ya wakili, au akaunti iliyotajwa ndani ya mkataba. Si kwa nambari ya broka, si kwa nambari ya "shemeji wa mwenyewe".
2. Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina likiwa tofauti na lile la mkataba, acha. Hakuna sababu nzuri ya kutosha.
3. Hakuna pesa kabla ya saini. "Kuna mtu mwingine anakuja na pesa kesho" ni maneno ya zamani kuliko simu yenyewe. Mwache aje.
4. Epuka pesa taslimu. Noti hazina historia. Muamala una tarehe, saa, jina na nambari. Weka ujumbe, kisha uchukue taarifa rasmi ya akaunti. Picha ya skrini peke yake inaweza kutengenezwa na mtu yeyote.
5. Kurudisha muamala si bima. Huduma hiyo ni ya mtu aliyekosea nambari. Haikutengenezwa kwa ajili ya biashara iliyoharibika, na mpokeaji akishatoa pesa, kinachobaki ni polisi na korti.
6. Salio litoke dhidi ya hati. Mawakili wenu wakubaliane kwa maandishi kwamba muuzaji ataachilia hati zote za uhamisho, na wakili wako atatoa pesa kwa masharti yaliyoandikwa. Rudia sachi siku chache kabla ya kulipa salio.
7. PIN ni yako peke yako. Wiki ya kununua nyumba ndiyo wiki una pesa nyingi kwa simu. Mtu akikupigia akisema anatoka kwetu na anataka PIN, kata simu.

Usishangae wakili au benki wakikuuliza pesa zimetoka wapi. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa pesa inawataka waulize. Beba taarifa ya Sacco, barua ya mkopo ama mkataba wa kuuza ng'ombe.

Na kwa wewe uliye Qatar, Dubai au Mombasa, unayemtumia ndugu pesa akununulie nyumba nyumbani: tunajua unampenda. Lakini mzigo wa milioni tatu usimbebeshe ndugu peke yake. Chukua wakili, pesa ziende kwake moja kwa moja, na mkataba uandikwe kwa jina lako. Kama ndugu lazima atie saini kwa niaba yako, apewe mamlaka ya kisheria ya maandishi yaliyosajiliwa. Hivyo mtabaki ndugu.

Hatua ya 8: Bodi, ushuru na jina lako kwenye hati

Kama ardhi ni ya kilimo, nje ya mji, lazima mpate idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini, Sura 302 inasema mkataba ni batili. Sheria inakuruhusu kudai pesa zako kama deni, lakini kudai si kupata. Siku ya bodi, muuzaji aje na mwenzake, na watoto wazima wakiweza. Ukiona familia imenuna mbele ya bodi, hiyo pia ni habari.

Baada ya hapo itisheni cheti cha kaunti kwamba ardhi haina deni la reti. Lipa ushuru wa stempu na ada za serikali kupitia eCitizen. Paybill ya serikali ni 222222, na nambari ya akaunti ni ile iliyo kwenye bili yako. Kisha hati za uhamisho zinapelekwa masjala zisajiliwe.

Nyumba si yako siku uliyolipa. Si yako siku uliyopewa ufunguo. Ni yako siku jina lako limeingia kwenye rejista. Hati ikitoka, fanya sachi ya mwisho uone jina lako kwa macho yako.

Kama bado unamtaka broka

Hakuna ubaya. Broka mzuri anajua nani anauza na anakuokolea nauli nyingi. Mlipe kwa kazi hiyo, lakini weka mipaka: mwandikiane kiasi atakacholipwa, alipwe baada ya mkataba kutiwa saini, na pesa ya nyumba isipite mkononi mwake hata mara moja. Anayekubali masharti hayo ni wa kufanya naye kazi. Anayekasirika amekujibu tayari.

Ukishaona umeingizwa

Usingoje. Piga huduma kwa wateja mara moja ukiwa na nambari za miamala, kisha uandikishe ripoti polisi na umwone wakili. Kwa mizozo ya ardhi kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo inasikiza kesi Makueni na Kitui pia. Kadiri unavyotufikia haraka, ndivyo uwezekano wa kuzikuta pesa hizo bado ziko kwenye laini unavyokuwa mkubwa.

Kwa hivyo, ile elfu mbili ya kuonyeshwa? Iweke. Tumia sehemu yake kulipia sachi, na inayobaki iwe nauli ya kwenda kuongea na jirani wa ile nyumba.